Mpango wa masomo utangulie mbio kwa wanariadha wetu walio Marekani

Kwa Mhariri,

Kila mwezi Agosti, vijana kutoka Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo Marakwet hupanda ndege kwenda Marekani kusoma huku wakikimbia, wengi wao wakiwa wamechangiwa nauli na ukoo, majirani na kanisa. Si wachache wanaoanzia katika vyuo vya jamii vya miaka miwili, kama vile South Plains kule Levelland, Texas, au Colby katika jimbo la Kansas, kwa nia ya kuhamia chuo kikuu baadaye na kupata shahada ya kwanza. Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo cha aina hiyo, na naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi na makocha wa nyumbani kwamba mwanafunzi kuruhusiwa kukimbia ni jambo moja, na kuwa katika njia ya kuhitimu ni jambo jingine kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii. Ili mwanariadha ashiriki mashindano ya NJCAA, shirikisho la michezo ya vyuo vya miaka miwili, kwa kawaida anatakiwa awe amesajiliwa kwa krediti (vipimo vya uzito wa kila somo) zisizopungua 12 kila muhula, na kiasi hicho hicho ndicho kinacholinda viza yake ya mwanafunzi. Anayeshikilia kiwango hicho cha chini kwa mihula minne atakuwa na krediti 48, ilhali stashahada ya miaka miwili huhitaji takriban 60. Kocha ameridhika, ofisi ya wanafunzi wa kigeni imeridhika, na kijana anaamini kwamba yuko salama kwa kuwa hakuna aliyemweleza vinginevyo. NCAA nayo, inayosimamia michezo ya vyuo vikuu, humtaka mwanariadha wa Daraja la Kwanza, ngazi yake ya juu kabisa, anayeingia mwaka wa tatu awe amekamilisha asilimia 40 ya mahitaji ya shahada anayoisomea. Kwa shahada ya krediti 120, hizo ni 48 kamili, na kila moja lazima iwe inahesabika katika shahada hiyo hasa.

Hapo ndipo vijana wetu wanapokwama. Nimewahi kuketi na binti mmoja, mkimbiaji wa mbio za nyika, aliyetamani kuwa muuguzi, tukaipitia nakala ya matokeo yake mstari kwa mstari. Zilikuwepo krediti za mazoezi ya timu zilizojirudia kila muhula, somo la afya kwa jumla, utangulizi wa michezo, na somo la kusikiliza na kuthamini muziki. Kemia haikuwepo, wala anatomia, wala mikrobiolojia, masomo ambayo programu nyingi za uuguzi huyadai kabla ya kumpokea mtu. Vipindi vya maabara vilikuwa alasiri, saa zile zile za mazoezi, kwa hiyo kila alipokwenda kujisajili alielekezwa kwenye somo jepesi lililokuwa na nafasi asubuhi. Chuo kikuu kilichomtaka kilikuwa tayari kumpokea kama mkimbiaji, lakini si katika kitivo cha uuguzi, na ikambidi achague fani ambayo hakuwahi kuiwazia. Binti huyo hakuwa mvivu. Alama zake zilikuwa nzuri, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wamarekani wenyewe hukumbana na tatizo hili. Mwaka 2017, GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi wanaohama chuo hupoteza takriban asilimia 43 ya krediti zao. Hata hivyo, Mmarekani anaweza kufanya kazi wakati wa likizo na kulipia masomo ya kiangazi ili kuziba pengo, ilhali mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kuajiriwa nje ya chuo katika mwaka wake wa kwanza, na ufadhili wa riadha mara nyingi hauhusishi muhula wa kiangazi.

Njia yenyewe ipo na imepitika. Wesley Kiptoo alianzia Colby, akahamia Chuo Kikuu cha Iowa State, na mwaka 2021 akawa bingwa wa NCAA wa mita 5,000 katika mashindano ya ndani ya ukumbi. Ninachoomba ni kwamba kabla ya mtoto kutia sahihi barua ya ufadhili, mzazi au kocha wake wa nyumbani adai kwa maandishi mpango wa mihula yote minne, unaotaja kila somo, shahada linakoelekea, na chuo kikuu ambacho kimekubali kulipokea. Aulize pia ni nani atakayelipia masomo ya kiangazi, na kama timu itamruhusu mkimbiaji kufanya mazoezi alfajiri siku za maabara. Kamati za harambee nazo zimteue mwalimu mmoja wa sekondari aketi na familia na kuupitia mpango huo, pamoja na fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza, na barua ya ufadhili, kabla tiketi haijakatwa.

Mshauri wa masomo,
Kansas, Marekani