Kokoto moja, kioo kizima chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaondolee wasomaji shaka moja kuhusu vioo vya milango ya magari. Mwezi uliopita, hapa mtaani kwetu Morogoro, mashine ya kijana aliyekuwa akikata nyasi ilirusha kokoto isiyozidi punje ya mahindi kwa ukubwa, ikagonga kioo cha gari la jirani yangu, na kioo chote kikamwagika kitini kama chumvi ya mawe. Waliokusanyika waliamua palepale kwamba kioo kilikuwa feki.

Hakikuwa feki. Kioo cha aina hiyo hupashwa moto kiwandani hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Ngozi ya nje hukakamaa kwanza. Sehemu ya ndani, inayochelewa kupoa, husinyaa ikiivuta ngozi ile, hivyo nje hubaki pamebanwa na ndani pamevutika. Mbano huo hukipa kioo uimara wa kama mara nne ya kioo cha kawaida cha unene uleule, na ndiyo maana ngumi na kiwiko hushindwa. Lakini kitu kigumu chenye ncha, hata kiwe kidogo namna gani, hukusanya nguvu yake yote mahali pamoja. Ufa ukishaipenya ngozi na kufika ndani, nguvu iliyofungiwa humo hufumuka, na ufa hukimbia zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde huku ukichipua matawi, hadi kioo kizima kiwe punje butu zisizochana mwili kama vile vipande virefu vya kioo cha dirisha la nyumba.

Linaloniuma zaidi ni hili: gari likitumbukia majini, mtu aliyejawa na hofu hupiga katikati ya kioo, pengine kile cha mbele, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki na hakimwagiki. Kinachofaa ni nyundo ndogo yenye ncha ya chuma, ipigwe karibu na kona ya kioo cha pembeni. Basi nililopanda hivi karibuni kwenda Dodoma lilikuwa na vishikizo vinne vya nyundo hizo, vyote vitupu, na kondakta alinieleza kwamba abiria huziiba. Nawaomba wakaguzi wa magari wazihesabu nyundo hizo stendi, kabla basi halijaondoka, kama wanavyokagua matairi.

Msomaji wako,
Morogoro