Si Bakuli Lililoungua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nisahihishe jambo moja. Wiki iliyopita, kwenye ukurasa wa habari za dunia, mlichapa picha ya bakuli la chai la Kijapani, na chini yake mkaandika kuwa ni "bakuli lililoungua na kumwagikiwa rangi" ambalo wenye fedha hulinunua kwa bei ya ng'ombe. Mume wangu alicheka, akaniletea gazeti jikoni. Mimi sikuweza kucheka. Bakuli la namna ile ninalo kabatini, hapa Tukuyu, na nilikuwapo siku lilipotolewa jokoni.

Halikumwagikiwa rangi, wala halikupakwa kitu chochote. Ule ukijani unaochuruzika ubavuni ni majivu ya kuni.

Mimi ni mjukuu wa mfinyanzi wa Kikisi. Bibi alifinyanga vyungu Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na utotoni nilipanda naye mtumbwi uliosheheni vyungu tukienda gulioni Matema. Nilipopata nafasi ya kusoma Japani miaka miwili, katika mkoa wa Shiga, nikasikia kuwa milimani kuna mji uitwao Shigaraki ambako watu wamefinyanga kwa zaidi ya miaka 700, nilikwenda Jumapili ya kwanza niliyokuwa huru. Mzee mmoja mfinyanzi, ambaye wote tulimwita Sensei, yaani mwalimu, aliniuliza swali moja tu: bibi yako huchomea kuni gani? Tukaongea mpaka giza likaingia.

Joko lake ni la aina iitwayo anagama, ufundi uliofika Japani kutoka Korea karne ya 5. Ni kama pango refu lililolala kwenye mteremko: mdomo chini, dohani juu, na katikati hakuna ukuta wa kutenga moto na vyombo. Kila kitu kinatokana na hapo. Kuni ni za msonobari, zimepasuliwa na kukaushwa vizuri. Moto ukivuta, majivu hupanda na miali, yakapita katikati ya vyombo na kutua mabegani mwake, kama vumbi la barabara linavyotua juu ya migomba wakati wa kiangazi. Joto likishavuka nyuzi 1,200, vumbi hilo huyeyuka. Majivu yana chokaa na potasiamu. Udongo una silika, ileile iliyomo kwenye mchanga wa kutengenezea vioo. Vikikutana katika joto hilo, vinakuwa kioo. Na chuma kidogo kilichomo, moto ukinyimwa hewa, ndicho kinachokipa kioo rangi ya kijani.

Tulichoma siku nne, usiku na mchana, kwa zamu. Yangu ilikuwa saa sita usiku hadi alfajiri, pamoja na mke wa Sensei, na huyo mama ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Ukitupa kuni, joko linanguruma na moshi mweusi unatoka juu. Unangoja. Mngurumo ukipungua na moto kurudia weupe, unatupa nyingine. Ukiwahi, unaukaba moto. Ukichelewa, joto linashuka na kazi ya saa nzima imepotea. Bibi hakuwa na joko. Alichoma vyungu uwanjani kwa nyasi na kuni, kazi ya saa chache tu, lakini alikuwa akitunyamazisha watoto wote ili ausikie moto wake. Usiku ule, maili nyingi kutoka Ikombe, ndipo nilipoelewa kwa nini.

Joko liliachwa lipoe karibu wiki nzima. Lilipofunguliwa, vyombo kadhaa vilikuwa vimepasuka, na mtungi mmoja mzuri ulikuwa umegandamana na jirani yake. Bakuli langu (Sensei alinipa siku ya kuagana) lilikuwa limelazwa ubavu karibu na mdomo wa joko, juu ya makombe matatu ya baharini yaliyojazwa udongo ili lisigande chini. Kombe likiungua hubaki chokaa na kupukutika, lakini mistari yake huachwa kwenye bakuli. Ninayo mitatu, ukipapasa unaisikia. Upande mwingine udongo umeiva rangi ya chungwa, na punje nyeupe za mawe zimejitokeza kama chenga za mchele, maana udongo wa Shigaraki umechimbwa palipokuwa chini ya Ziwa Biwa la kale. Na karibu na kitako, majivu yaliyoyeyuka yamekusanyika yakawa tone moja la kijani, linapitisha mwanga.

Tone hilo wao huliita bidoro. Ni neno la Kireno, vidro, yaani kioo. Wareno walewale waliotuachia meza, leso na gereza walifika Japani mwaka 1543, na Wajapani wakabaki na neno hili. Niliposikia asili yake niliona kama nimekutana na ndugu.

Sasa, je, watu hawa hawajui kutofautisha bakuli zuri na bovu? Wanajua sana. Zamani magwiji wa chai walithamini zaidi vyombo laini vya Uchina. Katika karne ya 15 Murata Jukō, na baada yake Sen no Rikyū aliyefariki mwaka 1591, waliviona vyombo vya Shigaraki na vya Bizen, mahali pengine pa wafinyanzi Japani, ikiwemo mitungi ya wakulima ya kuhifadhia mbegu, wakaona vinastahili kuingia chumba cha chai. Walichagua kwa macho yaliyozoea vitu vya bei kubwa. Karne iliyopita, joko la gesi na la umeme lilipokuwa limeenea, Kiyoko Koyama alikuwa miongoni mwa waliorudisha anagama Shigaraki, naye ni mwanamke katika kazi ambayo kule ilikuwa ya wanaume. Kwetu Wakisi kazi hii ni ya wanawake, na hilo lilimshangaza sana mke wa Sensei.

Bakuli hili silitunzi kama pambo. Kila Jumapili natia unga wa chai ya kijani, maji ya moto, napekecha kwa kipekecho cha mwanzi. Kiganja cha kushoto chini, cha kulia ubavuni. Upande ule wenye tone ndio uso wake, kwa hiyo kabla ya kunywa unaligeuza kidogo usiweke midomo hapo. Baada ya kunywa unaliinamia na kulitazama. Mume wangu sasa hulitazama muda mrefu kuliko mimi.

Mhariri, sidai kuombwa radhi. Naomba picha ile irudiwe, hata ikiwa ndogo, na chini yake yaandikwe maneno haya tu: "Bakuli la chai lililofinyangwa kwa mkono, Japani. Kioo chake kimetokana na majivu ya kuni."

Msomaji wako,
Mjukuu wa mfinyanzi,
Tukuyu