Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Scrabble, Simu na Ada

Ndugu wanachama wa chama chetu cha Scrabble, mchezo wa kupanga vibao vya herufi kuunda maneno ya Kiingereza, Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumekutana kila Jumamosi baada ya alasiri hapa Makadara, Mombasa, isipokuwa Ramadhani. Tumekwenda Malindi mara moja kwa mechi za kirafiki. Tumenunua seti 2 mpya baada ya vibao vya ile ya zamani kubaki 97 badala ya 100. Kina mama wa mahamri, Mungu awazidishie.

Naja kwenye jambo la simu, maana najua ndilo lililowaleta wengi leo.

Mwezi wa nne niliagiza simu zote ziwekwe kwenye kikapu mlangoni. Nimeitwa mfalme. Imesemwa sikuitisha kikao. Nimeitisha mara mbili, na kila mara wakaja watu 7 kati ya 34, na akidi ni 12! Ningengoja nini? Watu walikuwa wakiingiza herufi zao saba kwenye programu ya kutafutia maneno, simu iko chini ya meza, kisha wanainua kichwa na neno la alama 80 wasiloweza hata kulitamka. Wenzetu 5 wamejitoa kwa sababu ya kikapu hicho. Imeniuma, lakini sikirudishi nyuma.

Wanasema programu hizo zinafundisha. Nyumbani, sawa, kila mtu ajisomee apendavyo. Orodha ya maneno yenye Q yasiyo na U (maana Kiingereza kwa kawaida huziandika pamoja), iliyobandikwa ukutani hapo, nimeiandika kwa mkono wangu usiku tatu, na anayetaka kuinakili aje na daftari. Ila mezani mtu atafute kichwani mwake.

Jumamosi moja baada ya kikapu kuwekwa, kijana wetu mmoja alibaki na A, E, F, O, O, Q na W. U zimo 4 tu katika seti nzima, na zote zilikuwa zimeshachezwa. Q ni moja, alama 10, na alikuwa keshaishika airudishe kwenye mfuko wa vibao abadilishiwe, apoteze zamu. Akaiweka chini. Akatazama dirishani kitambo. Halafu akapanga W, A, Q, F, kibao kimoja kimoja, F ikaangukia mraba mwekundu wa kuzidisha neno mara 3. Mpinzani akapinga. Tukafungua orodha ya Collins, kitabu cha maneno yanayokubalika mchezoni: limo. Alama 19 mara 3, yaani 57. Nilipomuuliza kalitoa wapi, akaniambia nyumba ya bibi yake Kibokoni iko kwenye ardhi ya wakfu, na karatasi za zamani za Kiingereza zimeandika hivyo.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninaposimama. Qadi, talaq, qibla, niqab: Kiingereza kimeyachukua kwa Waarabu kama tulivyochukua sisi, na kila mtoto wa Mji wa Kale amekua akiyasikia. Ugali, matatu na kanzu nayo yamo Collins, yametoka kwetu. Mchezaji wa London huyakariri kitabuni, sisi tunayo nyumbani. Simu inatufanya tusahau kuwa tunayo. Kama kulilinda hilo ni ufalme, basi niandikeni mfalme.

Kuhusu ada, nasema kwa uchungu. Sh. 200 kwa mwezi kwa watu 34 ni Sh. 81,600 kwa mwaka. Tumepokea Sh. 37,900. Waliolipa mwaka mzima ni 13, wengine vipande vipande, na wengine hawajalipa hata shilingi ila chai wanakunywa. Matumizi ni Sh. 37,100: ukumbi 18,000, seti 9,000, chai na mahamri 6,300, vitabu vya maneno 3,800. Zimebaki Sh. 800. Saa mbili za mezani, za kupimia muda wa wachezaji, nimenunua kwa fedha zangu, na sidai kurudishiwa. Ila msiniambie chama hakina maendeleo.

Mbele huko, inshallah, tunatarajia kufundisha katika shule za jirani, na Mungu akijaalia kuandaa mashindano ya Pwani nzima. Tarehe tutazungumza.

Kitabu cha mweka hazina kiko mezani, na kikapu kiko mlangoni palepale. Mwenye deni aanze na kitabu kabla ya kuchukua simu yake.