Nyota haijazimika, imekingwa

Mheshimiwa Mhariri,

Katika makala yenu ya juma lililopita mliandika kwamba nyota ya nyutroni (kiini kidogo kizito mno kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka) iitwayo Hercules X-1 "huzimika" takriban kila baada ya siku 35, na naomba kulisahihisha neno hilo, kwa kuwa wanafunzi wangu hapa Bukavu wamelipokea kama lilivyo. Nyota hiyo huvuta gesi kutoka kwa nyota mwenzake, na gesi hiyo huizunguka kama sahani iliyopinda, ambayo hugeuka polepole na kutukinga tusiione miale yake ya eksirei. Ushahidi ni kwamba hata miale hiyo inapofifia kwetu, uso wa nyota ya pili unaoielekea nyota ya nyutroni huendelea kung'aa kwa kupashwa joto na miale hiyo, na mwangaza huo huonekana ukipanda na kushuka katika kila mzunguko wao wa siku 1.7.

Imenisikitisha pia kwamba hamkuitaja setilaiti iliyoigundua: ilirushwa kutoka pwani ya Kenya tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, ikapewa jina la lugha yetu, Uhuru.

Mwalimu wa fizikia,
Bukavu