Barua kwa mwanangu Somoe, kabla ya safari ya Newala

Mikindani, Mtwara
Mwezi wa sita

Mwanangu Somoe,

Asalaam aleikum, mama. Baba yako ameniambia safari si mwezi wa nane tena, ni Ijumaa hii. Sikatai. Mke yuko kwa mumewe, na mjukuu wangu Bakari ana haki ya kulala nyumba moja na baba yake. Ila tangu jana sina raha kwa jambo moja: siku utakayokuwa shambani, nani atamlisha mtoto, na atamlisha vipi? Nimeona niandike kwa sababu ya kusemwa husahaulika. Karatasi hii wasomee mama mkwe wako na mawifi zako, tena wasomee siku ya kwanza, kabla hawajamzoea.

Asilishwe akiwa amelala. Si chali, si juu ya mapaja kichwa kikining'inia, si hata kwa vijiko viwili vya kuonja. Akae wima, makalio yagote nyuma ya kiti, nyonga na magoti yakunjwe kama pembe ya sanduku, nyayo zikanyage ubao, kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Kichwa kikirudi nyuma njia ya hewa inabaki wazi, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo hawahi kuifunga kama sisi. Uji unashuka mapafuni. Wewe unaona ameshiba, kumbe kifua ndicho kilichojaa.

Anayemlisha naye akae mbele yake kwenye kigoda, macho yao yalingane. Akisimama, Bakari atainua uso kumtazama na kichwa kitakwenda nyuma chenyewe. Kijiko kitoke chini, usawa wa kidevu, kiingie katikati ya mdomo, kibonyeze ulimi kidogo, halafu mtu asubiri. Asubiri mdomo ufunge wenyewe. Wifi yako mkubwa nimemwona akilisha watoto: anaukwangua uji kwenye meno ya juu ili kijiko kitoke kitupu. Kwa Bakari hilo linamfanya arushe kichwa na kutoa ulimi nje, na uji unabaki nyuma ya koo bila mpango. Taya likilegea, mtu akae ubavuni kwake: kidole gumba karibu na kiungo cha taya, cha shahada kati ya mdomo wa chini na kidevu, cha kati chini ya kidevu. Ashikilie tu, asibonyeze koo. Na kijiko kiwe kile cha plastiki ngumu, bapa. Cha bati akiking'ata anaumia meno, na vile vya plastiki nyepesi vya dukani vinakatikia mdomoni.

Uji wake unaujua, lakini huko watataka kuulegeza ili ushuke haraka, kwa hiyo naandika. Vikombe 2 vya maji, vijiko 6 vya kula vilivyojaa unga wa mtama, uive vizuri, kisha vijiko 2 vya tui zito na kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa mpaka zikawa laini kabisa. Ukiinamisha kijiko udondoke kwa fungu kama mtindi, ukitiririka, haufai. Chembamba ndicho kinachompalia, na kibaya kuliko vyote ni mchuzi wenye vipande ndani, maana maji yanatangulia na kipande kinafuata nyuma. Halafu kuna kitu kilichotusumbua muda mrefu: uji unaanza mzito, unafika nusu ya bakuli umegeuka maji. Ni mate. Kijiko kinatoka mdomoni na mate, kinarudi bakulini, na mate yanaulegeza unga. Gawa bakuli mbili ndogo, ya pili uifunike mpaka ya kwanza iishe.

Dakika 20, zikizidi sana 30, basi. Baada ya hapo amechoka, na mtoto aliyechoka hamezi vizuri. Ni bora ale mara 5 au 6 kidogo kidogo kuliko mara 3 kwa kulazimishwa. Akimaliza abaki amekaa nusu saa nyingine, asilazwe mara moja ati alale mchana. Akilia asilishwe. Akicheka sana asilishwe. Akisinzia asilishwe. Maji anywe kwa kile kikombe nilichokikata upande mmoja kama mwezi mwandamo: upande uliokatwa unakaa puani, mzima mdomoni, ili anywe mpaka tone la mwisho bila kuinua kichwa. Wasikitupe wakidhani kimevunjika. Kingo nimezipiga msasa.

Korosho, Somoe. Huko kila mgeni ataingia na korosho za kukaanga kiganjani, na kila mzee atataka mjukuu aonje. Kipande cha korosho ni kikavu na hakilainiki upesi, kikiteleza kinaziba. Ming'oko, vile viazi vya porini, vilevile, ina nyuzi. Bibo, tunda la mkorosho, likifika msimu, chovya kidole chako umlambishe, asipewe kunyonya, maji yake ni mengi na nyuzi zake ni ndefu. Samaki mpe, lakini mchambue kwa vidole, si kwa macho.

Mwaka ule wa kwanza mlimsema jirani kuwa anamroga, na mimi sikuwakataza. Hirizi niliifunga mimi. Lakini kiganja kilichokuwa kikimnywesha uji juu ya mapaja, kilikuwa cha nani? Ndivyo nilivyokunywesha wewe na kaka zako, na nyinyi mlimeza bila neno, maana makoo yenu yalikuwa yanajua kazi. Kwa hiyo mama mkwe wako akimlaza, usimkaripie. Hajui ubaya. Mpe kiti, mpe kijiko, mwonyeshe mara tatu, kisha mwache afanye yeye huku unatazama. Ukimkaripia atamlisha vilevile ukiwa haupo.

Wewe nawe una haraka. Nimekuona si mara moja simu iko begani, kijiko kiko hewani. Ila sitasema uongo: pale kliniki sikuona mama aliyeshika hesabu za mwanawe kama wewe, na kichwa anachokiinua leo Bakari ni kazi ya mikono yako.

Dalili za kupaliwa wazijue wote nyumbani. Kukohoa katikati ya kula, macho kujaa machozi, sauti kuwa na maji kama mtu mwenye mate kooni, midomo kubadilika rangi: acha hapo hapo, mwinamishe mbele akohoe, usimmiminie maji. Wapo pia wanaopaliwa kimya kimya, hawakohoi, ndiyo maana homa za kifua zikirudirudi usiseme ni hali ya hewa. Akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake zikifika 40 au zaidi, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Usianzie duka la dawa.

Na mnafika wakati mbaya kwa kifua. Mikorosho ikichanua, watu wa salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, wanatoka na mashine alfajiri, umande ukiwa majanini. Vumbi lile halimfai mtu mwenye kifua kibovu. Muulize mumeo siku za kupulizia shamba lenu na la jirani, funga madirisha ya upande huo, nguo za Bakari zisiwe kwenye kamba, na aliyetoka kupuliza aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba. Baridi ya Newala nayo si ya hapa pwani: misuli yake itakaza zaidi asubuhi. Mvalishe soksi, muoshe kwa maji ya vuguvugu mchana jua likiwa juu, na usivute mkono uliokaza. Tingisha bega taratibu mpaka ulegee. Nguo iingie kwanza mkono unaokaza, itoke mwisho kwenye mkono huo. Kumbeba ni kiunoni, miguu imepanuka huku na huku, si kumlaza mikononi kama kichanga, akilazwa hivyo anajinyoosha kama ubao.

Vidonge vya degedege: vikibaki vya siku 10, ndiyo siku ya kufuata vingine. Kuvikatisha ghafla kunaleta degedege lisilokatika. Kidonge kisagwe, kichanganywe na kijiko kimoja tu cha uji mzito. Kikitiwa bakuli zima naye akabakisha, hutajua amepata kiasi gani. Degedege likija, mlaze ubavu, usitie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, zikipita dakika 5 mpeleke. Na likiisha asipewe kitu, hata maji, mpaka awe macho kabisa. Watu wana huruma ya kumpa maji mtoto aliyetoka kwenye degedege. Huruma hiyo wazuie.

Kiti alichotengeneza baba yako kina kina cha sentimita 22 na kimo cha 23. Kila miezi mitatu pima: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ondoa upana wa vidole viwili, hicho ndicho kina. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, hicho ndicho kimo. Meza ya mbele iwe usawa wa viwiko. Mkanda ukae nyongani, usipande tumboni, na kati ya magoti kunja kipande cha khanga ili miguu isipishane. Kufika minada ya korosho mwezi wa kumi kiti hiki kitakuwa kidogo. Mwambie mumeo pesa ya AMCOS, chama chenu cha ushirika, ikiingia, fundi seremala kwanza, pikipiki baadaye. Nimesema mimi, na aje anijibu mimi.

Mwakani anatimiza miaka 5, na ule msamaha wa matibabu wa watoto wadogo unaisha. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya mapema, na cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Swali la shule nalo uliza hapo hapo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, asije mtu akakwambia akae ndani.

Kwenye gari kaeni viti vya mbele, nyuma kunarusha. Asile gari likitembea. Likisimama Tandahimba mshushe, mkalishe, ndipo ale.

Nazi 6 ziko kwenye kiroba cha bluu. Ile iliyochipua usiipike, mpe mkwe wako. Kuku wako nimemwachia Zuhura, amelalia mayai 9. Ufunguo wa stoo sijauona tangu juzi, tazama kwenye mkoba wako wa khaki. Yule kijana wa bodaboda alikuja kudai elfu nne, nimemlipa. Baba yako goti limemrudia, anasema ni ngazi za msikiti, mimi nasema ni yale magunia. Pazia la chumba chenu nimelifua, mnaweza kulichukua, huko upepo mwingi. Kijiko cha akiba nimekifunga kwenye pindo la khanga nyekundu, usikitafute kwingine.

Mume wangu Bakari mbusu kisogoni, anapopenda. Mkifika nipigie, hata iwe usiku wa manane, sitalala. Lakini kwanza mkalishe umlishe, umshikilie ile nusu saa yake, ndipo upige.

Mama yako