Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale, Zanzibar: Mkataba wa 1833 uelezwe wote

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Ombi langu ni chumba kimoja tu. Beit al-Ajaib, nyumba ya makumbusho ya Mji Mkongwe iliyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, itakapopokea tena wageni, naomba itenge chumba kwa mkataba wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, na Marekani. Ila usielezwe nusu nusu.

Nusu ya kwanza ni tamu, na hotuba za urafiki huishia hapo. Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifika Maskati, Omani, na mkataba ukatiwa saini tarehe 21 Septemba 1833. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, Marekani, akaja Unguja kuwa konseli, yaani mwakilishi wa nchi yake, miaka minne kabla ya Waingereza kuleta wa kwao. Mwaka 1840 merikebu Sultana ikatia nanga New York, mjumbe wa Sayyid, Ahmad bin Naaman, akiwa ndani. Rais Van Buren aliletewa farasi, lakini katiba yao haimruhusu kiongozi kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge. Farasi wakauzwa, fedha zikaingia hazina. (Hili, Mheshimiwa, lastahili ubao wake peke yake.)

Sasa tusome vifungu. Mmarekani alilipa ushuru wa asilimia 5 kwa mzigo aliouteremsha, basi. Chombo cha Sayyid kikienda kwao kilitozwa kama vya mataifa mengine yaliyopendelewa, bila kiwango kuandikwa. Wamarekani wakigombana wao kwa wao, mwamuzi ni konseli wao. Merikebu yao ikivunjika pwani yetu, mabaharia wanatunzwa kwa gharama ya Sayyid. Na Waters mwenyewe alikuwa konseli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, akishirikiana na Jairam Shivji, aliyeshika forodha. Mwenye duka dogo sokoni Darajani angejua maana yake.

Halafu ni mali yenyewe. Vitambaa vya marekani viliteremshwa, pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mkavu wa mti, vikapakiwa. Pembe zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa, na karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Mkataba unaoitwa wa urafiki na biashara haukuwataja, kana kwamba mzigo ulifika forodhani wenyewe. Wasipotajwa tena safari hii, kosa litakuwa letu.

Mkataba uliandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Naomba ubandikwe ukutani kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kwa herufi ambazo mwanafunzi wa darasa la sita atazisoma akiwa amesimama. Pembeni iwekwe orodha ya bidhaa, na kila bidhaa iandikiwe nani aliichuma na nani aliibeba. Watafsiri wa kazi hiyo hawakosekani Unguja. Kinachotakiwa ni agizo lako.

Wasaalam,
Mwananchi wa Mji Mkongwe