Baba mdogo ni baba

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji wenu aliyesema kijana akishaingia chuo aachane na mila maana zinamrudisha nyuma. Imeniuma sana, maana nimemkumbuka jamaa niliyekaa naye chumba kimoja chuoni hapa South Dakota, Marekani. Ni Mlakota, wenyeji wa asili wa Marekani ambao wengi wanawaita Sioux, kwao ni Pine Ridge, eneo la Walakota humuhumu jimboni.

Mwaka wa pili, mitihani imekaribia, akapigiwa simu usiku kwamba baba yake amefariki. Nikampa pole ila nikashangaa, si juzi tu alikuwa anaongea na mzee wake? Akaniambia huyu ni mdogo wake baba. Ah, kumbe baba mdogo, nikaelewa palepale wala hakuhitaji kuendelea. Kilakota ndugu wa kiume wa baba wote ni ate, yaani baba, na dada wa mama ni ina, mama, hawana tofauti na sisi tunaosema baba mkubwa na mama mdogo. Sasa fomu ya kuomba ruhusa ya msiba imeandika mzazi, mke au mume, mtoto, ndugu wa tumbo moja, basi. Yule dada wa ofisini alikuwa mpole kabisa lakini kila jamaa akimwelezea anajibiwa huyo ni anko, anko hayumo. Akaenda hivyohivyo, maana kwao watu wanakesha na marehemu mara nyingi siku mbili kabla ya kuzika na yeye ni mtoto wa kiume, angekosekanaje? Mtihani akawekewa sifuri.

Karudi nywele amekata. Zilikuwa zinafika mgongoni, kila asubuhi nilizoea kumwona amekaa ukingoni mwa kitanda anajisuka polepole wala haongei mpaka amalize. Kwao mtu akifiwa ndo anakata. Darasani wenzake wakawa wanamsifia eti amependeza, yeye anaitikia tu kwa kichwa, halafu usiku alinisimulia habari ya Carlisle kule Pennsylvania, shule ya bweni iliyofunguliwa 1879, watoto wa Kilakota walikuwa kati ya wa kwanza kabisa kupelekwa. Walipofika wavulana wakakatwa nywele na lugha yao wakakatazwa. Hebu fikiria mtoto anakatwa nywele huku hajui nani amekufa nyumbani.

Kwa hiyo ndugu msomaji, hayo ya chagua moja, hawa watu walishaambiwa zamani sana. Na sio kwamba shule hawaitaki. Charles Eastman alikuwa Mdakota, ndugu zao Walakota ambao lugha zao zinaelewana, jina la kwao Ohiyesa, kalelewa na bibi yake, akamaliza chuo cha Dartmouth 1887 na udaktari Boston 1890, mwaka huohuo akaenda kufanya kazi Pine Ridge. Desemba 29 jeshi la Marekani likaua Walakota, kina mama na watoto wakiwemo, mahali panaitwa Wounded Knee hukohuko Pine Ridge, majeruhi wakaletwa kanisani mapambo ya Krismasi bado yananing'inia, yeye ndo akawa anawatibu, na siku ya mwaka mpya akatoka na wenzake kutafuta kwenye theluji kama kuna waliobaki hai. Wale kina mama wenye risasi mwilini angewauliza vipi wanaumwa wapi kama lugha ya bibi yake angeiacha mlangoni mwa chuo?

Halafu mwaka 1971 wakaanzisha vyuo vyao wenyewe, Oglala Lakota College hapo Pine Ridge na Sinte Gleska kule Rosebud, eneo lingine la Walakota, na Kilakota kinafundishwa humo kama somo lolote lile.

Jamaa yangu lile somo alilirudia akafaulu, nywele sasa hivi zimefika mabegani, ameanza tena kuzisuka. Ila mwaka mzima na ada ya somo zima vilimwendea kwa sababu ya fomu ya ukurasa mmoja. Nawaomba walimu na maafisa wa vyuo wanaosoma gazeti hili, popote mlipo, kesho mkiingia ofisini itoeni fomu yenu ya ruhusa ya msiba muisome. Baba mdogo yumo?

Msomaji wenu,
Sioux Falls, Marekani